Kucha za Mkono wa Kulia

Kucha za mkono wangu wa kulia zilikuwa zimerefuka hata nesi, ambaye bila shaka ameona makubwa, alizitazama mara mbili. Za kushoto zilikuwa fupi na safi, kucha za msusi. Za kulia sikuzigusa tangu nilipoteleza saluni nikavunjika kifundo cha mkono. Mfupa uliunga vizuri. Kila daktari aliniambia hivyo kwa furaha, kana kwamba nilimwendea kutafuta pongezi. Maumivu ndiyo yaliyokataa kuondoka. Shuka ikinigusa vidole, nauma meno. Feni ikigeukia upande wangu, nahama chumba. Nani angethubutu kunisogelea na kikata kucha?

Dada yangu hakuyaamini hayo. Ndiye mwenye saluni, ndiye aliyenifundisha kusuka na ndiye, kwa bahati yangu mbaya, ndugu pekee aliyekuwa na nafasi siku hiyo. Hospitali haikuwekei dripu ya ketamini bila mtu wa kukurudisha nyumbani, maana dawa yenyewe hulevya. Kwa hiyo akaja na mkoba wake mkubwa kama wa msafiri, na kabla sijapanda kitandani alishamweleza nesi kwamba mimi tangu utotoni nilikuwa mtu wa kudeka.

"Mfupa umepona," alisema. "Picha nimeiona kwa macho yangu."

"Tatizo si mfupa, mama," nesi akamjibu taratibu. "Ni mishipa ya fahamu. Inapiga kelele hata kama hakuna kinachoiumiza. Tunajaribu kuinyamazisha."

"Haya," akasema dada, kwa ile sauti ya kumkubalia mtoto.

Nilikuwa nimechoka. Kusema kweli, maumivu yenyewe nilishayazoea kuliko kuyaeleza. Mwaka mzima nimeulizwa yakoje, nikasema ni moto. Nikaulizwa moto gani. Nimeletewa mafuta ya kuchua na watu ambao nikiwaambia sigusiki, hunishauri nichue polepole. Na kila Jumamosi dada alipita nyumbani kuniarifu kwamba kiti changu saluni bado kipo, ila kuna binti mmoja hodari anakiulizia. Sikutaka anihurumie. Nilitaka aseme mara moja tu: naona unaumwa. Dripu ikishindwa, sina mkono. Ikifaulu, nilijua atasema nilikuwa nadeka.

Daktari wa usingizi akanichoma sindano ya dripu mkono wa kushoto. Mkanda wa presha wakaufunga mguuni. Haikuchukua muda, dari ikaanza kurudi nyuma. Mwili ukawa mwepesi, kisha haukuwa wangu tena. Niliona mkono umelala kwenye mapaja ya mtu, nikamwonea huruma mwenye nao, yeyote yule. Kulikuwa na mlio mdogo, tik, tik, uliotoka mbali. Maumivu sikuyaona popote. Niliyatafuta kama ulimi unavyolitafuta jino lililong'olewa.

Nilipozinduka, dada alikuwa anapangusa gauni lake mapajani. Nikautazama mkono wangu. Kucha zote tano zilikuwa fupi, zimepigwa tupa hadi zinang'aa.

"Umefanya nini?"

"Nimekukata kucha. Zilikuwa zinatia aibu." Akafunga mkoba. "Nimekata zote, nimepiga na tupa, wala hukushtuka."

Nikangoja lile neno lake, na kweli likaja.

"Kumbe mkono unashikika."

Hasira ikanipanda mpaka mashine ya kando ikaanza kulia. "Nilikuwa nimelewa dawa, dada! Ungenikata kidole nisingeshtuka!"

"Punguza sauti, kuna wagonjwa humu."

Wagonjwa! Nesi alikuja mbio akidhani nimezidiwa. Akaitazama mashine, akatutazama sisi wawili, akaenda zake.

Ndani ya teksi nilimpa mgongo. Maumivu yalikuwa yanarudi, ila kwa mbali na bila haraka, na nilikuwa natunga hotuba ambayo ingemnyamazisha dada mpaka uzeeni. Ajabu ni kwamba alikuwa kimya tayari. Dereva alijaribu kumchokoza kwa habari za foleni, akaishia kujijibu mwenyewe.

"Ulicheka," dada akasema ghafla.

"Nani?"

"Wewe. Nilipofika kidole gumba. Ukasema nimekushika kama kuku anayekwenda kuchinjwa, ukacheka. Ulicheka mpaka nesi akaja kuchungulia." Alikuwa anakitazama kisogo cha dereva. "Sijakusikia ukicheka tangu ulipoanguka. Mimi nilidhani umeninunia."

"Nikununie kwa lipi?"

"Sijui. Nimelitafuta mwaka mzima."

Nikaiacha hotuba yangu, nikamgeukia.

"Mkono unauma sasa hivi?" akauliza.

"Unaanza."

"Unauma vipi?"

Nilikuwa nimeapa kutolijibu tena swali hilo kwa mtu yeyote. "Kama umeutia kwenye mafuta yanayochemka," nikasema, "halafu huruhusiwi kuutoa."

Akamgusa dereva begani. "Kaka, simama hapo dukani. Nataka maji."

Akashuka. Tukangoja. Dereva akazima gari, akaliwasha, akalizima tena. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga honi. Nikaanza kukereka upya, maana ni mtu gani huchagua maji kama anayechagua kitambaa cha harusi? Kumwona nilikuwa namwona: amesimama kando ya mlango wa duka, ametupa mgongo, mkoba ameukumbatia kifuani, mabega yanapanda na kushuka.

Alirudi macho mekundu, mikono mitupu.

"Maji yako wapi?"

"Yamekwisha."

Nyuma yake duka lilikuwa limejaa chupa za maji, zimepangwa toka mlangoni hadi darini. Nikamwambia haidhuru, hata mimi sina kiu.