Chipu Zilizopakwa Sandali

Thenmozhi alikuwa na chipu sita za plastiki, kila moja ndogo kama stempu, ndani yake vijifereji vyembamba kuliko unywele. Plastiki ile huchukia maji na hunasa protini, kwa hiyo Jumatatu aliipiga uso kwa gesi yenye umeme mpaka ikayakubali maji, kisha akaizamisha kwenye bakuli la maji safi ibaki hivyo. Maana ina tabia za wanaume fulani: ukiifunza adabu leo, ukaiacha hewani, kesho yake imerudia ya zamani.

Jumatano wageni wa kumtahini walikuwa wafike maabara ya chuo, Coimbatore kusini mwa India, kumwona akitenganisha protini mbili ndani ya vijifereji hivyo. Zikitengana, shahada ya udaktari imepatikana. Zisipotengana, anaanza mwaka wa saba.

Jumanne ilikuwa Ayudha Puja, sikukuu ya Wahindu ya kupamba na kubariki vifaa vya kazi, hakuna aliyegusa kazi. Mfagiaji wa maabara, Mama Kuppammal, ndiye aliyepamba mashine.

"Vyako sikuvisahau, binti," alimwambia Jumatano asubuhi. "Vilikuwa vimelowa kama vifaranga. Nikavitoa, nikavifuta, nikavipaka sandali ya baraka pembeni. Mungu wetu wa elimu, Saraswati, hapendi vitu vilivyolowa."

"Alikwambia lini?"

"Mimi na yeye tunaongea. Kula bisi hizi za mchele, umekonda kama ufagio wangu."

Thenmozhi akala. Alisubiri moyo umpasuke, ukakaa kimya kama lifti iliyokatiwa umeme. Kuzitengeneza upya kulitaka nusu siku, na wageni walikuwa tayari wanavua viatu mlangoni.

Alizijaribu zote sita. Protini ziliganda mlangoni mwa mifereji kama chapati ya dosa kwenye kikaango kisicho na mafuta.

"Nani alizitoa majini?" Profesa Sabesan, msimamizi wake, aliuliza.

Ufagio wa Mama Kuppammal ukasimama.

"Mimi," alisema Thenmozhi.

"Wewe? Miaka sita unatufundisha sisi tusizitoe."

"Nilijisahau, Profesa."

Mgeni mmoja akafunga daftari lake taratibu. "Basi tutaonana mwakani."

Walipoondoka, Mama Kuppammal alikaa kwenye kiti cha profesa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Umedanganya kwa ajili yangu, na uso haukutikisika hata kidogo."

"Siku hizi hautikisiki, mama."

"Tangu lini?"

Thenmozhi alifikiri. "Sijui."

"Ungenitaja tu. Mimi watanifanya nini, waninyang'anye ndoo?"

"Wangekunyang'anya."

"Mwakani niandikie karatasi: usiguse."

"Hujui kusoma."

"Nitamtafuta anayejua."

Thenmozhi hakucheka. Alivaa glavu, akaanza kukoroga plastiki ya majimaji ya kumwagia chipu za mwaka wa saba.