Kukalia Mikono

Kazi yangu ni kusuka nywele. Kutwa nzima nawaambia watu wazima watulie, na wanatulia, maana mwenye kichwa mikononi mwangu hana ujanja. Mtu mmoja tu ndiye amenishinda, naye nimemzaa mwenyewe.

Shuleni wanamwita Kimbunga. Anapanda madawati, anatafuna penseli za wenzake, anatoka darasani katikati ya somo utadhani ameitwa. Simu ya mwalimu mkuu ikilia, wateja wangu hunyamaza bila kuambiwa. Safari hii alisema bila kuzunguka: pasipo ripoti ya mtaalamu, mtoto asirudi. Hospitali ya umma walitupa tarehe ya mbali, binti yangu angefika ana wajukuu, kwa hiyo nikatafuta kliniki binafsi.

Niseme ukweli, nilichokitamani hasa si ripoti. Nilitamani siku moja mtu amuulize mwanangu mwenyewe kinachomsibu, badala ya kuniita mimi nijieleze. Hamu hiyo ilinijia kila nilipoona watoto wa wenzangu wakitoka shule wameshikana mikono. Wangu hutoka peke yake, akikimbia.

Basi asubuhi ya miadi nikamwandaa kama tunakwenda kuomba kazi. Nikampigia sare pasi, nikamsuka, nikamfundisha salamu. Kisha nikampa dawa ninayowapa wateja wasioacha kujishika kichwa: "Kalia mikono yako. Usiitoe mpaka tumalize."

Alinitii. Katika chumba cha kliniki chenye zulia na matofali ya mbao ya kuchezea, mwanangu alitulia kama maji mtungini. Akaulizwa umri, akajibu. Akaonyeshwa matofali, akakataa kwa adabu. Nikamtazama mtoto niliyemuota miaka yote, na ajabu, nikamkumbuka yule mwingine, Kimbunga wangu, hadi machozi yakanilenga.

Mwanasaikolojia, mwanamke mpole mwenye miwani, akafunga faili. "Mama, huyu yuko vizuri. Simwoni yule uliyenieleza."

Kwa ripoti hiyo shule wangesema ni utundu wa makusudi, na ndiyo ingekuwa basi.

"Daktari, nimeharibu mwenyewe," nikasema. "Nilimwambia akalie mikono." Nikamgeukia binti yangu. "Haya itoe, mwanangu. Cheza utakavyo."

Hakuitoa. "Utanigombeza."

"Sikugombezi."

"Jana pia ulisema hivyo."

Nikapiga magoti zuliani, nikajenga mnara wa matofali, kisha nikaupiga kofi, mtu mzima na heshima zangu. Akacheka. Ndipo akaichomoa mikono, akashuka zuliani. Ilikuwa na alama za kiti, imekufa ganzi, akawa anaikung'uta huku machozi yanamtoka na kicheko hakijaisha.

"Niliweza, mama, uliona? Niliweza kukaa. Lakini inauma."

"Si umeikalia muda mrefu."

"Siyo mikono."

Mwanasaikolojia akaweka kalamu, akashuka kwenye kiti, akaja kukaa nasi chini.

"Inauma wapi?" akamuuliza.

Mwanangu akanitazama kwanza mimi, aone kama anaruhusiwa kujibu.