Mbula Hapendi Muthokoi

Kosa lilikuwa la Yvonne. Ndivyo Kalunde alivyojiambia baadaye, maana mtu aliyeshikwa na wivu hutafuta kwanza wa kumbebesha mzigo. Yvonne, katibu wa kina mama kanisani hapo Emali, bibi harusi wa juzi aliyeingizwa kwenye kamati kwa sababu anajua kompyuta, ndiye aliyewaletea mambo ya rafiki wa siri. Kila mama ajaze fomu kujihusu. Fomu zikunjwe, zitiwe kapuni, kila mmoja aokote moja. Utakayemwokota ndiye wako: utamtumia zawadi kila mwezi kupitia kwa Yvonne, bila jina, ukiongozwa na yale aliyoandika. Zawadi ya kuvaliwa ivaliwe Jumapili, ili mtoaji aione na afurahi kimoyomoyo. Na siku ya kufunga mwaka, kila mama atasimama mbele akisie rafiki yake ni nani, kisha huyo rafiki asimame ajulikane.

"Mimi na wajukuu wangu niandike rangi ninayopenda?" mmoja alilalamika, na papo hapo akaomba kalamu. Wote walijaza kwa bidii ambayo hakuna fomu ya chifu iliyowahi kuiona. Mama wa watoto sita huulizwa sare iko wapi na chakula kitaiva saa ngapi. Haulizwi anapenda nini.

Kalunde alimaliza wa kwanza. Swali la mwisho lilisema: mtu ambaye nikiwa naye nasahau shida zangu. Aliandika "Mbula" bila kuinua kalamu.

Nani mwingine? Yeye na Mbula walizaliwa Kanyangi, upande wa Kitui, na wakaolewa Emali mwaka mmoja. Shemeji zao walipowacheka kwa namna wanavyoongea, walikimbiliana. Miaka kumi na tisa sasa, Kalunde akiuza ndengu na kunde sokoni, Mbula akishona sare za shule kibanda cha tatu kutoka hapo, walikuwa chanda na pete. Kwenye harusi na matanga Kalunde ndiye aliyemsemea mwenzake. "Mbula msimpe soda, yeye ni chai ya maziwa." "Mbula mpakulieni muthokoi, huyo ndiye mwenyewe." Naye Mbula alitabasamu, akapokea sahani ile ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akala.

Halafu akaja Shiru. Shiru wa Murang'a, mke wa Ngure mwenye duka la vifaa vya nyumbani kwenye barabara ya Loitokitok. Alikuwa na kicheko kinachosikika hadi stesheni, na tangu aanze kushonewa nguo na Mbula, alishinda pale kibandani. Mbula akawa anapita kwa Kalunde akipunga mkono tu. Kalunde alipima ndengu zake, akakung'uta ungo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo siku ya kuokota, alipokunjua karatasi na kuona mwandiko wa Mbula, nusura apige vigelegele. Nani angempa Mbula zawadi bora kuliko yeye? Fomu yenyewe hakuihitaji. Aliisoma jioni hiyo kwa kujifurahisha tu, amekaa juu ya gunia la mbaazi.

Rangi ninayoipenda: buluu. Nisiyoipenda: manjano, inanifanya nionekane mgonjwa.

Kinywaji: chai ya rangi yenye tangawizi. Maziwa hunijaza tumbo.

Kalunde alirudia mstari huo. Maziwa hunijaza tumbo. Ni vikombe vingapi alivyomwandalia?

Chakula nisichokipenda: muthokoi.

Hapo aligeuza karatasi aone kama kweli ni ya Mbula. Ilikuwa ya Mbula. Mkamba, mzaliwa wa Kanyangi, hapendi muthokoi, na ameila nyumbani kwa Kalunde miaka kumi na tisa bila kukunja uso!

Kitu ambacho watu hawajui kunihusu: nikiwa peke yangu kwenye cherehani hutangaza mpira. Sketi ndio wachezaji.

Mtu ambaye nikiwa naye nasahau shida zangu: Shiru.

Kalunde aliikunja fomu mara nne hadi ikawa ndogo kama kiberiti. Aliona wivu, wivu hasa. Kilichomuuma si jina lile peke yake. Ilikuwa kwamba Shiru, mgeni wa miaka miwili, bila shaka alijua habari za chai, na za manjano, na huenda alishakaa kwenye kile kibanda akasikiliza sketi zikifunga mabao. Yeye Kalunde alikuwa na nini? Alikuwa na Mbula wa kujitungia.

Mume wake Kyule alipomuuliza ana nini, alimwambia kichwa kinauma.

Zawadi ya Septemba ilikuwa kilo mbili za muthokoi, safi, zimechambuliwa, zimefungwa kwa utepe. Nani angemlaumu mtu kwa kumpa Mkamba muthokoi?

Alitarajia Mbula aumie kidogo, basi. Hakutarajia kwamba Jumatatu saa nne Mbula angefunga kibanda, aje, avute kigoda, akae karibu naye kama zamani.

"Kalunde, nikuambie kitu na usikasirike."

"Sema."

"Mimi muthokoi siipendi. Tangu nikiwa mtoto. Nilikosa vile nitakuambia, siku ya kwanza ulinipikia nikiwa mgeni kama wewe, ukafurahi hivyo. Basi nikanyamaza, na kunyamaza kukawa mazoea. Sasa huyu rafiki wa siri ameniletea kilo mbili nzima. Nimecheka nikalia."

Kalunde alitumbua macho, akashika kifua. "Woi! Hupendi muthokoi? Wewe?"

Alijishangaza kwa ufundi wake. Walicheka mpaka mteja akaondoka bila kuhudumiwa. Mbula akakubali kikombe cha chai, safari hii ya rangi, na akakaa saa nzima. Alipoondoka Kalunde alibaki akitabasamu peke yake, kisha tabasamu likamkwama. Miaka yote hiyo alikuwa mwema, na mwishowe Mbula akawa wa kupunga mkono tu. Amefanya ubaya mara moja, na Mbula amerudi.

Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Oktoba Kalunde alipeleka kitambaa cha kichwa cha manjano.

Mbula alikivaa Jumapili, kwa heshima ya kanuni, na kweli alionekana kama mtu aliyetoka wodini. Shiru alimkumbatia mlangoni: "Aki umependeza!" Kalunde alingoja ibada iishe, akamvuta kando.

"Hiyo kitambaa inakukaa vibaya. Nisikudanganye."

Mbula alimshika mkono. "Ona sasa. Huyu Shiru ananiambia nimependeza. Wewe ndiye unanipatia ukweli."

Ilikuwa sentensi tamu kuliko zote alizosikia mwaka huo. Kalunde aliilamba siku nzima. Wiki hizo Mbula alikuja karibu kila siku, na kidogo kidogo Kalunde akaanza kumfahamu rafiki yake. Alijua sasa kwamba anaogopa kuku. Alijua kwamba angependa siku moja kuishi Kiboko, karibu na shamba la utafiti, kwa sababu huko kuna miti mingi na hakuna shemeji. Alimwomba amtangazie mpira, na Mbula akatangaza, mpaka Kalunde akashika mbavu. Naye Mbula hakuuliza amejuaje. Alidhani amemwambia mwenyewe.

Novemba ikafika. Angeweza kutuma kitu kizuri. Alikipanga kabisa, majani ya chai na tangawizi. Lakini Ijumaa ile aliona Mbula na Shiru wakitoka benki wameshikana mikono, wanacheka, na akajua kwamba zawadi nzuri haitamleta Mbula kwenye kigoda. Alinunua kopo la maziwa ya unga. Kisha akaingia dukani kwa Shiru mwenyewe akanunua kikombe cha manjano. Aliingia kule bila kufikiria, au kwa kufikiria sana. Hakutaka kujichunguza. Shiru alikifunga kwa gazeti akamwambia, "Karibu tena, Mama Mutisya."

Safari hii Mbula hakuja akicheka.

"Nilidhani ni bahati mbaya," alisema, kikombe kikiwa magotini. "Lakini mtu hawezi kukosea mara tatu. Huyu ameisoma fomu yangu mstari kwa mstari, akachagua zile nimeandika sipendi. Kuna mtu pale kanisani ananichukia, Kalunde."

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Na kikombe kama hiki kinauzwa wapi hapa Emali?" Alikigeuza chini, penye karatasi ndogo ya bei. "Ni kwa Shiru. Mimi namwona kama mtu wangu, kumbe ananichezea."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Ndengu zilikuwa mbele yake, Mbula alikuwa kando yake, hapakuwa na mteja. Kalunde alihitaji kutamka maneno mawili tu. Badala yake alichukua kikombe, akakitazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona, akarudisha.

"Watu huwezi kuwajua," alisema.

Mbula akaacha kuongea na Shiru. Shiru alipokwenda kibandani kuuliza kuna nini, aliambiwa kuna kazi nyingi. Kicheko kile cha kufika stesheni kikanyamaza. Kalunde alikuwa amepata alichokitaka, Mbula mzima, peke yake, na hakuweza kukila wala kukitema. Alimfuata Yvonne akaomba mambo ya kusimama mbele yafutwe mwaka huu.

"Mama Mutisya, hiyo ndiyo raha yenyewe," Yvonne alisema. "Watu wamengoja."

Jumamosi ya kwanza ya Desemba walikusanyika. Kalunde alibeba zawadi ya mwisho, kila kitu sawasawa: kitenge cha buluu, majani ya chai, tangawizi. Aliomba Mungu wake mambo mengi njiani, la kwanza likiwa mvua kubwa. Jua liliwaka.

Mama mmoja mmoja alisimama, akakisia, akakumbatiwa. Wengine walilia kwa furaha. Kalunde mwenyewe aliitwa akakisia vibaya, na mke wa mchungaji akasimama akicheka na chupa ya chai. Kisha ikaja zamu ya Mbula.

Hakutabasamu. "Rafiki yangu alinipa muthokoi, na kitambaa cha manjano, na maziwa, na kikombe cha manjano. Wale mmesoma fomu yangu, ingawa ni mmoja tu ameisoma, anajua. Sina ubaya. Nataka tu kujua nilimkosea wapi." Alimgeukia Shiru. "Nafikiri ni Shiru."

Minong'ono ikapita. Shiru alisimama polepole. Alimtazama Kalunde, mara moja tu, kisha akatazama chini.

"Si mimi, Mbula. Mimi nilimwokota Nzisa. Muulize Yvonne."

Yvonne akatazama daftari, akakubali kwa kichwa. Naye Nzisa, aliyekuwa bado hajaitwa, akapiga kelele kwamba sasa amejua, na watu wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka kutocheka.

Mbula alisimama pale ameshika mikono yake mwenyewe. "Nisamehe, Shiru," alisema. "Basi sijui. Nimeangalia kila uso hapa ndani. Nimeshuku kila mtu, Mungu anisamehe, hata mke wa mchungaji. Ni Kalunde peke yake sikumshuku. Huyo nilimtoa siku ya kwanza, kwa sababu huyo anaweza kunikasirikia, lakini mambo ya chinichini hana."

Aligeuka akamtabasamia. Kalunde hakuwahi kupendwa mbele ya watu wengi hivyo, na alitamani ardhi immeze.

"Rafiki wa Mbula asimame," Yvonne alisema.

Hakuna aliyesimama. Yvonne akarudia. Alikuwa na daftari mkononi, na macho yake yalikuwa yameshafika pale Kalunde alipokaa. Kalunde akajikaza kisabuni, akasimama na mfuko wake. Wachache wakaanza kupiga makofi kwa mazoea, kisha yakafifia. Njia ya kwenda mbele ilikuwa hatua kumi na alizitembea zote.

"Mbula," alisema. "Niliona umeandika Shiru."

Ndiyo maneno pekee aliyoyapata, na hata yeye aliyasikia yalivyokuwa madogo.

Mbula alimtazama. Mawazo yake yalionekana usoni yakirudi nyuma, siku baada ya siku: kigoda, kicheko, mkono kifuani, woi, hupendi muthokoi, wewe? Kalunde aliona kila siku ikifikiwa na kuchukuliwa.

Kisha Mbula akanyoosha mikono yote miwili, jinsi mtu aliyelelewa vizuri anavyopokea kitu cha mtu asiyemjua sana, akachukua mfuko. Akapiga goti kidogo.

"Asante, Mama Mutisya," alisema.

Kila mtu kanisani alimwita hivyo. Mbula hakuwahi.