Bunduki Iliyokohoa

Mlinzi wa shamba, mama mmoja, alikuwa hoi. Tangu mwenzake alazwe hospitalini alilinda mahindi peke yake: mchana nyani, usiku nguruwe pori. Asubuhi hiyo nyani walipovamia, alielekeza juu bunduki ya marisawa, zile risasi ndogondogo, akafyatua kuwatisha. Badala ya kulia, ikakohoa tu, “pfu.” Kitako hakikumsukuma bega. Nyani mmoja alimtazama, akaendelea kumenya hindi lake.

Msimamizi akaja mbio. “Tia nyingine upige! Itaisukuma hiyo iliyokwama.”

Kwa uchovu aliokuwa nao mlinzi, kutii kulikuwa rahisi kuliko kubishana. Lakini mama huyu alikuwa ameolewa na fundi wa bunduki, na ingawa waliachana, maneno ya mtu yule hayakumtoka kichwani: mtutu ukiziba, risasi ya pili itakupasukia usoni.

“Sipigi,” alisema. “Ukitaka, shika wewe.”

Msimamizi akakumbuka kwamba ana kazi kwingine.

Mama akaishika bunduki mdomo ukielekea kwenye tuta, kidole mbali na kifyatulio, akangoja, maana baruti nyingine huchelewa kuwaka. Kisha akaikunja katikati kuifungua, akatoa ganda, akahakikisha hakuna risasi nyingine ndani. Akaibeba hivyohivyo, imefunguliwa, hadi karakana ya mtalaka wake.

“Karibu, mama watoto,” fundi alisema bila kuinua kichwa.

“Umenijuaje?”

“Nani mwingine anaburuta viatu namna hiyo?”

Alipapasa chemba, pale risasi inapokaa, kwa kidole, akaikuta tupu. Akautenganisha mtutu na kitako, akampa. “Chungulia kutokea nyuma. Unaona mwanga?”

“Giza tupu. Chungulia mwenyewe, fundi ni nani hapa?”

Fundi akainua uso. Mama akamtazama vizuri, akaona ukungu mweupe uliotanda kwenye mboni.

“Tangu lini?”

“Tushughulikie bunduki kwanza.”

Akaubana mtutu kwenye jiliwa, akiwa ameuzungushia kitambaa, akadondoshea mafuta ndani, wakayaacha yapenye. Kisha akaingiza ufito wa mti mgumu, mnene karibu sawa na tundu, akaugonga kwa nyundo ndogo, polepole, akisikiliza. Hakuharakisha. Mwishowe kitu kikaachia. Kizibo cha plastiki cha risasi ile kikaanguka, na marisawa yakamwagika sakafuni kama mtama.

“Baruti ilikuwa imelowa,” alisema. “Risasi zote za kundi hili msizitumie. Chungulia tena. Kuna uvimbe popote?”

Mama akachungulia, akauzungusha mtutu kwenye mwanga wa dirisha. “Umenyooka. Safi.”

“Basi ungepiga ile ya pili, tungekuwa tunaongea mengine.”

“Watoto wanajua habari ya macho?”

“Wana shida zao. Na wewe si mke wangu tena wa kunihoji.”

“Si mkeo, ndiyo. Ukipofuka watamlilia nani, kama si mimi? Mimi nimechoka, mwanaume. Sina nguvu ya kukulea na wewe. Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa macho.”

Fundi akachukua kitambaa cha kupangusia. “Jumatatu,” alisema.

Alipomaliza kupangusa mtutu na kuuunganisha na kitako, alimwita aje achukue bunduki yake. Mama alikuwa amelala kwenye benchi la wateja, mdomo wazi, viatu bado miguuni. Palikuwa na chuma kilichongoja kupigwa tupa, kazi ya kelele. Fundi akakisogeza pembeni, akakaa kitini, mikono mapajani.