Gundi ya Makochi

Fundi makochi alimpa shemeji yake kazi kwa sababu mkewe alimwomba, na mwanzoni hakujuta. Jamaa alikuwa mtu mzima, ana ndevu zake, ila kwa maneno alikuwa hana mpinzani. Ndiyo maana wote walimwita Kasuku. Mteja alikuja amenuna, akaondoka ameshika mbavu.

Mwezi wa tatu tangu aanze kazi, gundi ikaanza kuisha upesi. Siku moja fundi akamkuta nyuma ya sponji, amejibana kitambaa puani, macho mekundu, anacheka peke yake.

"Shemeji, unanusa gundi?"

"Naangalia kama imeharibika," akajibu Kasuku, ulimi mzito.

Fundi naye akacheka. Viti arobaini vya ukumbi vilitakiwa baada ya wiki sita, na Kasuku akishanusa alikuwa anavuta kitambaa na kupiga pini bila kuchoka. Fundi akafumba macho. Hata mkewe alipouliza mbona kaka yake amekonda na anasahausahau, alimjibu, "Ni joto la karakana tu, mke wangu."

Alhamisi ya wiki ya sita, mchana, mbwa alibweka mlangoni. Kasuku akashtuka, akatoka mbio, akaanguka kama gunia.

Hospitalini daktari aliuliza, "Ametumia nini?"

Mke wa fundi alikuwa amemkazia mumewe macho.

"Sijui, daktari," fundi akajibu.

Madaktari wakaanza kuhangaika, mara wapime sukari, mara malaria. Fundi alikaa kwenye benchi mpaka akashindwa kuvumilia. Akamfuata daktari.

"Ni gundi. Ananusa gundi. Nimejua wiki sita sasa."

"Na ulikuwa unangoja nini?" Daktari alikuwa ameshageuka kurudi wodini. "Ile inavuruga mapigo ya moyo. Mtu akishtuka tu, moyo unaweza kusimama!"

Nyuma ya fundi, mkewe alisikia yote. Alivua khanga ya mabegani, akajifunika uso.

Kasuku hakufa, lakini alirudi nusu. Mikono inatetemeka, na kichekesho anakianza halafu hakimalizi. Fundi ndiye anayemwogesha kila asubuhi kabla ya kufungua karakana, hakuna aliyemtuma.

Jumapili moja, fundi akiwa anamfunga vifungo vya shati, Kasuku alimuuliza polepole, "Shemeji, kumbe ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa nakuona."

Kasuku akaiondoa mikono ya fundi, akaanza kujifunga vifungo mwenyewe, kimoja baada ya kingine, vyote kwenye matundu yasiyo yake.