Lugha Aliyorudi Nayo Mama

Mama alikuwa amesimama mlangoni, bega la kushoto limeegemea fremu, na neno lilikuwa limeshamtoka. Silabi moja tu. Kaka, aliyekuwa tayari amevuka kizingiti, aligeuka, akamtazama usoni, kisha akaliteremsha begi lake chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

"Amesema kaa," akaniambia. "Umesikia? Mama ameniambia nikae."

Nje, dereva wa teksi alizima injini.

Nilikuwa nimesikia, ila mimi nilisikia neno jingine. Katika nyumba ile, na pengine katika mtaa mzima, hapakuwa na mtu mwingine ambaye angelisikia hivyo. Nikasimama pale na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Mtaani waliniita Mkorea. Nilianza kutazama tamthilia za Kikorea kama wengi wanavyoanza, bila kukusudia. Mteja alichelewa kuja kuchukua sketi, nikawasha televisheni nimsubiri, nikamkuta msichana amesimama kwenye mvua na mwavuli uliofungwa mkononi. Hakuufungua. Nikataka kujua kwa nini. Sketi ilikuja kuchukuliwa, jua likazama, na mimi bado nilikuwa nataka kujua kwa nini.

Kaka alinicheka mpaka akachoka. Alisema watu wale wanahitaji mwezi mzima ili washikane mikono, na kwamba ipo siku nitamwinamia mteja mpaka nijigonge paji la uso kwenye mashine ya kushona. Ningemwelezaje? Wengine walipenda zile tamthilia kwa ajili ya wavulana wenye nyuso laini kama mayai, na sisemi kwamba mimi nilifumba macho. Lakini kilichonishika hasa ni adabu. Niliwatazama watu wa mbali kabisa, wenye theluji juu ya mapaa yao, wakimwita muuza duka wasiyemjua shangazi. Niliona mwanamke aliyemzidi mwenzake mwaka mmoja akiitwa dada, na hilo likageuza sentensi nzima, mpaka miisho ya vitenzi. Walivua viatu mlangoni. Hawakumpa mkubwa kitu kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuja daima, hata kama ni kugusa tu kiwiko cha ule wa kwanza. Na walijua kunyamaza. Mtu aliweza kukaa mbele ya bakuli la supu na mama yake, wasiseme lolote, na mimi huku nikaacha kushona kwa sababu machozi yalikuwa yananizuia kuona pindo.

Nilistaajabu kwamba dunia ni kubwa kiasi hicho na bado mtu anaweza kujikuta ndani yake akiwa nyumbani.

Mama hakuwa na habari na hayo. Yeye alikuwa fundi wa sare za shule, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alishona, akapiga pasi, akagombana na wauza vitambaa, akashinda. Kisha siku moja, pasi ikiwa bado mkononi, alianguka. Kiharusi kilichukua upande wake wote wa kulia, ule wa mkasi, na kikaondoka na maneno yake yote.

Nasema yote. Alifungua kinywa, ukaona kabisa neno likipanda kooni, kisha likapotea kama uzi uliotoka kwenye tundu la sindano. Hata ndiyo na siyo zilimchanganya, akawa anaitikia kila kitu kwa kichwa. Kaka alimuuliza kwa utani kama yeye ni mwanamume, Mama akaitikia. Akamuuliza kama yeye ni mwanamke, akaitikia. Tulicheka, sisi watatu, na Mama ndiye aliyeanza kulia.

Kliniki walitupa mtaalamu wa matamshi, dada mpole aliyeongea kana kwamba ana siku nzima ya kukaa nawe. Alitueleza kwamba maneno ya Mama hayajafa. Njia yaliyozoea kupita ndiyo iliyobomoka, na wakati mwingine huweza kutokea penginepo. Alikuwa na mgonjwa ambaye hakuweza kuomba maji lakini aliimba nyimbo nzima. Tusimwache kimya, alisema. Tumwongeleshe.

Mimi si msemaji. Nikikaa na mtu, baada ya habari za nyumbani na habari za kazi, sina kitu. Kwa hiyo nilichukua nilichokuwa nacho. Kila mchana nilimketisha Mama kwenye kiti chenye mito, nikasogeza mashine karibu, maana sasa sare zilikuwa zangu, nikawasha televisheni. Yale maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakipita chini niliyageuza Kiswahili kwa sauti, huku mguu ukikanyaga mashine. Nilikuwa mfalme, nikawa mjakazi, nikawa wakwe wawili wanaogombana. Jirani yetu, Mama Pacha, alipita dirishani akadhani tuna wageni.

Tamthilia aliyoipenda Mama ilikuwa ya mwanamke mfinyanzi wa kijijini, mjane, aliyetengeneza mitungi mikubwa ya kuhifadhia vyakula wakati wa baridi. Mama hakutazama nyuso. Alitazama ile mikono, iliyopasuka kwa udongo na maji baridi, na wakati mfinyanzi alipozungusha ukingo wa mtungi, mkono wa kushoto wa Mama ulizunguka pajani kwake. Mfinyanzi alikuwa na mwana mmoja, aliyepata nafasi ya kwenda mjini na akashindwa kumwacha mamaye. Katika sehemu ile iliyonitoa roho, mwanamke alimkabidhi mwanawe kifurushi kwa mikono miwili, akampa kisogo, akasema, "Ka." Nenda. Silabi moja, basi. Mama aliniashiria niirudie. Tuliirudia mpaka nikaacha kutafsiri, kwa kuwa halikuwa tena neno la kutafsiriwa.

Muda si mrefu baadaye, niliangusha kopo la pini. Zilitawanyika sakafu nzima, chini ya kabati, chini ya kiti chake. Nikapiga magoti kuziokota, nikasema, "Samahani, Mama."

"Kenchana," akasema Mama.

Sikuinua kichwa mara moja. Niliogopa kwamba nikitazama nitakuta ni televisheni. Lakini televisheni ilikuwa imezimwa. Lilikuwa neno zima, limekaa sawa, na mkato wake ule ule, sauti ikishuka mwishoni kama mkono unaowekwa begani. Kenchana: usijali, hakuna kilichoharibika. Mwanamke aliyeishi maisha yake yote ndani ya lugha moja alikuwa ameikuta nyumba yake imefungwa, akazunguka, akaingia kwa mlango wa jirani. Nilikaa katikati ya zile pini.

Nilimwita Kaka kutoka karakana, akaja mbio na kofia yake ya kuchomelea ikiwa bado kichwani, kioo cheusi kimepandishwa juu. Mama akamwangalia anavyohema, akalirudia lile neno.

Kaka akasikiliza kwa makini. Kisha akaenda chumbani, akarudi na chanuo.

Nikajaribu kumweleza. Akaniambia nisimharibie, Mama anataka kuchanwa nywele na ameomba mwenyewe. Akakaa nyuma yake, yeye na vidole vyake vyenye alama za cheche, akamchana polepole, fungu kwa fungu, kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu azaliwe. Mama alifumba macho. Nikaona kwamba kusahihisha kungekuwa dhambi, nikaenda kuokota pini.

Basi wakati barua ya kazi ya Kaka ilipofika, mambo yalikuwa hivyo. Ilikuwa kazi ya ng'ambo, kwenye kiwanda kinachounda meli, kazi aliyoiota tangu alipojifunza kushika chuma. Karakana yake ilikuwa inakufa, na yeye alikuwa anakufa nayo taratibu bila kusema. Alikubali, akakataa, akakubali tena. Hata asubuhi ile, teksi ikiwa nje, alirudi ndani mara mbili, mara kuangalia bomba, mara kunionyesha namna ya kumwinua Mama, jambo nililokuwa nikilifanya kila siku. Na Mama akajikokota mpaka mlangoni, akiupapasa ukuta, akasema lile alilosema.

Kaka akasikia kaa.

Alishafungua kifungo cha koti. Usoni kwake niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa miezi, nafuu, kana kwamba mtu amempokea mzigo. Ningenyamaza tu, angebaki. Sitasema sikulitamani hilo. Mimi ndiye niliyekuwa nikibaki na sare, na dawa, na mwili wa Mama uliokuwa mzito kama gunia lililolowa. Nilikihitaji kifua cha kaka yangu ndani ya nyumba ile. Na isitoshe, nani angejua? Huenda ni yeye aliyesikia sawa. Huenda Kiswahili kilikuwa kimepata njia asubuhi ile ile.

"Kaka," nikasema, "katika zile tamthilia, ka ni nenda."

Akanigeukia. Hakukasirika; ingekuwa afadhali angekasirika.

"Unataka niende?"

"Mimi nataka ubaki," nikamwambia. "Lakini si mimi niliyesema."

Akamshika Mama bega. Akamuuliza kwa upole, kama anayemuuliza mtoto, abaki? Mama akaitikia kwa kichwa. Aende? Mama akaitikia tena. Kaka akanitazama, mimi nikamtazama, na dereva nje akapiga honi mara moja, kwa heshima.

Hapo Mama akatuacha. Namaanisha aliacha kututegemea. Aliegemeza mgongo kwenye fremu, akanyoosha mkono wa kushoto hadi kwenye meza ya mashine, ambako Kaka alikuwa ameiweka kofia yake ya kuchomelea aliporudi kuangalia bomba. Akaivuta, akaibana tumboni kwa kiwiko. Kisha akaushika mkono wake wa kulia, ule uliokufa, akauinua kwa kifundo kama anayeinua kitu cha mtu mwingine, akaupachika chini ya kofia. Vidole havikushika. Akaviweka hivyo hivyo. Halafu akaurudisha wa kushoto upande wa pili, na akiwa anatetemeka mwili mzima, akamkabidhi mwanawe kofia kwa mikono miwili. Akainamisha kichwa kidogo.

Nilikuwa nimekiona kitendo kile mara nyingi kwenye kioo, kikifanywa na malkia na wauza samaki, nikadhani nimekielewa. Sikuwa nimekielewa. Sikujua kwamba mkono wa pili ndio unaosema: ninakupa hata nisichokuwa nacho.

Kaka hakujua lolote kuhusu adabu za Wakorea. Lakini aliweka chini kila alichokuwa nacho na kupokea kwa mikono yake yote miwili, na kichwa chake pia kikainama.

"Ka," akasema Mama. Kisha akageuza uso, akatazama ndani ya nyumba, na hakugeuka tena mpaka mlio wa gari ulipokwisha.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu, sitaipamba. Mama Pacha alinisaidia kumwinua asubuhi, nami nikawashonea wanawe sare. Mama aliongeza maneno machache ya wafinyanzi na wafalme, mtaalamu akayapokea yote kwa furaha bila kuelewa hata moja. Kaka alituma ujumbe wa sauti, mfupi, daima akisema yuko salama, na nyuma yake chuma kikilia.

Siku moja mchana akapata simu yenye kamera nzuri, akatupigia tumwone. Nilimshikia Mama simu usoni. Kaka alikuwa ameketi kitandani kwenye chumba cheupe, amevaa ovaroli la bluu, ndevu zimeota. Akamsalimia. Akamwonyesha dirisha, kabati, buti zake mpya. Akaeleza kwamba anakula vizuri sana, kwamba wapishi wa pale ni hodari, kwamba hana shida yoyote.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akaisogelea simu, akamkagua kuanzia paji la uso hadi kola, kama alivyokuwa akikagua sare kabla haijatoka mkononi mwake.

"Umekonda," akamwambia.

Kwa Kiswahili, wazi, na kwa ukali ule ule wa zamani. Kaka akaiweka simu kitandani, tukabaki tunaangalia dari ya chumba chake.