Maswali Aliyoyajibu Soila

Soila alijifunza nchi yake kwenye rundo la mahindi. Kila jioni jirani yake Magdalena, mkulima wa Masanze aliyesoma hadi darasa la saba, alikuwa akipukuchua na kuuliza, naye Soila, mfugaji asiyewahi kukanyaga darasani, akipukuchua na kujibu. Uhuru? Tarehe tisa Desemba, sitini na moja. Muungano? Ishirini na sita Aprili, sitini na nne. Akikosea, Magdalena alimrushia gunzi. Walicheka sana jioni zile, ingawa hapakuwa na la kuchekesha.

Samsoni, mwana wa pekee wa Soila, alikuwa amekamatwa mnadani, na mama yake aliitwa kuhojiwa ili amtetee. Tangu ugomvi wa mashamba upambe moto, kamati ya uhakiki ilikuwa imepiga kambi Kilosa kuwachuja wafugaji: nani raia, nani kavuka mpaka. Yoeli, shemeji yake Soila, alishapelekwa. Aliulizwa Uhuru ulipatikana mwaka gani, akajibu, "Mwaka ule wa ukame, ng'ombe walipokwisha." Mwaka ni huohuo, lakini nani wa kumsikiliza? Wakampakia kwenye gari, wakaenda kumshusha katika nchi asiyojua hata visima vyake viko wapi.

"Mimi hapo hawanipati," Soila alimwambia Magdalena. Asubuhi wakafuatana hadi mjini.

Magdalena alizuiwa nje. Ndani, Samsoni alikuwa ameketishwa sakafuni karibu na mlango, midomo imemkauka. Nyuma ya meza alikuwepo afisa aitwaye Nickson, wa umri wake Samsoni hasa. Soila alisubiri shikamoo yake, hakuiona. Kama uraia ungepimwa kwa adabu, kijana yule angekuwa wa kwanza kupanda gari.

"Rangi za bendera, mama."

"Kijani ni ardhi. Njano ni madini. Nyeusi ni sisi wenyewe. Bluu ni maji."

"Makao makuu ya nchi?"

"Dodoma."

"Kilosa iko mkoa gani?"

"Morogoro, mwanangu. Nimezaa huku, nimezika..." Akajikatiza.

Moyo wake ulikuwa umechangamka. Kila jibu lilimsogeza Samsoni karibu na nyumbani, na tayari alikuwa akiwaza maziwa atakayomkorogea.

"Baba yake huyu anaitwa nani?"

Magdalena hakuwa amemwuliza hilo. Nani angeliuliza? Mume wake Soila alifariki Samsoni akiwa bado ananyonya, na kwao Wamaasai jina la marehemu halitajwi. Ukilitaja umemwita, naye akiitwa haji bure. Huondoka na mmoja wa watoto wake. Kwa miaka yote ile Soila hakuwa amelitamka, hata peke yake, hata alipomlilia.

"Mama, nauliza. Baba yake nani?"

Soila alimtazama Samsoni. Samsoni alitikisa kichwa, akamwita mama kwa Kimaasai: "Yeyoo, nyamaza."

Soila alidhani mwanawe anaogopa marehemu. Hata yeye aliogopa. Lakini gari lilikuwa pale nje, linaonekana dirishani, na marehemu hakuonekana. Akachagua.

"Kitashu," alisema. "Baba yake ni Kitashu."

Samsoni akajifunika uso.

Nickson aliweka kalamu chini taratibu. "Jana huyu ametuambia baba yake ni Yoeli. Hata shule aliandikishwa Samsoni Yoeli. Huyo Yoeli si tulimpeleka juzi?"

"Yoeli ni baba yake mdogo! Ndiye aliyemlea. Jina la yule mwingine hatulitaji, amekufa, ndiyo maana mtoto akamtaja—"

"Ndiyo maana nini? Mlipoona Yoeli kafeli, mkatafuta baba mwingine. Tena maiti, asiulizwe."

"Haki ya Mungu, sisemi uongo!"

"Kaburi lake liko wapi, tukalione?"

Kaburi lilikuwa nyanda za juu za Kilangali, halina msalaba wala jina, na mvua za miaka ishirini zilishalisawazisha. Mkono aliounyoosha Soila kuelekeza haukuonyesha kitu ila ukuta.

"Mtoto wa Yoeli huyo," Nickson aliwaambia walinzi. "Mpakieni."

Wakampitisha mbele ya mama yake. Soila alimshika shuka, walinzi wakambandua vidole kimoja kimoja. Samsoni hakumlaumu. Alimwuliza tu, kwa sauti ya mtoto mdogo, "Yeyoo, umemtaja kweli?"

Gari lilishika barabara ya Mikumi. Magdalena alikuja mbio kutoka getini, khanga inamdondoka, akamshika mabega na kumtikisa.

"Swali gani limekushinda? Soila, niambie, swali gani?"

"Hakuna," Soila alisema. "Nimeyajibu yote."